Picha Iliyokwama Si Kibali

Makandana,
Tukuyu.
11 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Ikupa,

Watu wengi hudhani mnara ukiwa karibu, mtandao lazima uwe mzuri. Kosa hilo limetufikisha pabaya, lakini kwanza nikusalimu. U hali gani? Kifua cha mjukuu wangu Tulia kimepona? Sisi tu wazima, ila mvua haituachii, na baridi inamsumbua magoti mama yako mdogo Atupakisye.

Sasa hasira zangu. Jumapili baada ya ibada, kaka yako Hosea alikupigia simu ya video, akaiweka mezani ili nawe uwemo kwenye kikao cha ukoo. Alipouliza kama shamba la migomba la marehemu mama yako kule Masukulu liuzwe, picha yako ilikwama ukiwa umeinamisha kichwa.

"Mmeona?" akasema Hosea. "Ikupa ameinama. Amekubali."

Wazee wakaitikia, kwa kuwa kwetu binti akiinama mbele ya wakubwa amepokea neno. Niliposema mtandao umekatika, wakacheka, wakaniambia mwalimu nirudi darasani, hapa si shule.

Kesho yake ukaniandikia ujumbe kwamba fundi aliyekufungia intaneti ya nyumbani anakulaumu wewe kwa kukatika huko, eti mnara uko mtaa wa pili tu. Nikachukia zaidi. Mawimbi ya mtandao huo wa kasi yana masafa ya juu mno, husafiri kwa mstari ulionyooka kama mwanga wa tochi. Zege lenye nondo huyameza, na vioo vyenye utando wa metali wa kuzuia jua huyarudisha yalikotoka. Lile ghorofa jipya la vioo mbele ya dirisha lako limeyazibia njia. Fundi angepima dirisha hadi dirisha angelijua hilo. Yeye alikiacha kifaa cha kupokea mawimbi nyuma ya kabati la vyombo, akapanda pikipiki yake akaenda.

Simu ya kawaida hutumia masafa ya chini yanayopenya kuta vizuri zaidi, ndiyo maana sauti yako hunifikia hata ukiwa chumba cha ndani.

Jumamosi Hosea anamleta mnunuzi. Migomba ile ndiyo iliyokusomesha, na mama yako amelala pale pale. Mimi nimekusemea, hawanisikii. Wanataka kinywa chako.

Alinanuswe anayekuletea barua hii ametoka mbali, mpe chai. Msalimie mumeo Gwakisa, na Tulia umbusu kwa niaba yetu. Mungu aizungushie nyumba yenu amani.

Leo hii, kabla hujaketi, mpigie Hosea simu ya kawaida umwambie: sikukubali.

Baba yako mdogo akupendaye,
Andongwisye