Pumzi za Mama Nilizozinyoosha

Nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha mbao,
Ghorofa ya juu.
14 Juni

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini ngazi za nyumba yenu hazikutesi kama ulivyolalamika mara ya mwisho, na kwamba umempata daktari anayesikiliza kwanza ndipo aandike dawa. Mimi na Kaka tu wazima.

Baba amedhoofika. Tangu kiharusi cha pili mkono wa kulia umelala, na maneno humjia kwa zamu. Mengine hayaji kabisa. Daktari ametuambia tuhesabu wiki, tusihesabu miezi. Nimeyatanguliza haya ili usiyatafute katikati ya mistari.

Sasa nikueleze kosa langu. Baba alitaka ule wimbo wa sauti nne aliomtungia marehemu Mama uchapwe vizuri, na kwaya aliyokuwa akiifundisha imwimbie angali anasikia. Nilijitolea. Niliuingiza kwenye programu ya kompyuta ya kuandikia muziki, noti kwa noti, kutoka kwenye karatasi zake za penseli. Katika sauti ya pili, vile vialama vya kuvuta pumzi, vinavyofanana na mkato, havikulingana na vya sauti nyingine. Kimoja kilitangulia noti mbili, kingine kiliangukia katikati ya neno. Nikadhani ni ule mkono wake uliotetemeka hata kabla ya maradhi. Programu ile ina amri ya kupanga: unazichagua alama zote, unabonyeza mara moja, nazo zinasimama wima kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi. Nilibonyeza, nikahifadhi juu ya nakala ya awali. Nakiri kwamba nilifurahi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukimwita shemeji yako Bwana Kifutio, ukisema angefuta hata cheti cha ndoa ilmradi apate karatasi? Tabia hiyo haijamtoka. Mistari mitano huichora kwa wino, noti kwa penseli, na wimbo ukishanakiliwa hufuta noti ili karatasi ipokee wimbo mwingine. Nilipompelekea kurasa nilizochapa aliziamini bila kuzikagua. Asubuhi nzima, kwa mkono wa kushoto, alifuta kurasa zake zote sita, nami nikimshikilia karatasi isiteleze. Nilidhani namsaidia.

Jumapili wanakwaya walikuja wakazunguka kitanda. Mwalimu wao wa sasa, yule mrefu mliyezoea kumwita Mlingoti, alimtania Baba kwamba leo hana fimbo ya kuwagongea vidole. Baba akacheka kwa upande mmoja wa uso. Hawakumaliza hata ubeti wa kwanza, akainua kiganja. Wakanyamaza. Alinitazama mimi, si Mlingoti.

"Nilimwacha hapa," akasema, neno baada ya neno. "Nani amemhamisha mama yako?"

Sikuelewa mpaka Mlingoti aliponieleza jikoni. Kumbe kifua cha Mama hakikuweza kumaliza mstari pamoja na wenzake. Badala ya kumtoa kwenye kwaya, Baba aliandika pumzi pale zilipomkatikia, na sauti ya pili nzima ikapumua naye, asijulikane kuwa ndiye mgonjwa. Nimekua nikiusikia ule mwanya, nikidhani ni mtindo wa wimbo, bila kushika ni wapi hasa.

Baba anajua pamekosewa, lakini hawezi tena kusema ni wapi. Tukimwimbia hutikisa kichwa, kisha machozi humtoka. Nimeziinua karatasi zilizofutwa dirishani, nikatafuta alama za ncha ya penseli. Kati ya pumzi kumi na moja nimeziona tatu. Ya nne naitilia shaka. Huenda naiona kwa sababu naitaka. Wala sina hakika kwamba zote zilikuwa za Mama. Labda moja au mbili zilikuwa kweli za mkono unaotetemeka, na sijui nitautenganishaje ugonjwa wa mmoja na mapenzi kwa mwingine.

Wakati huo Mlingoti alikuwa akisimama nyuma, kwenye sauti nzito, hakumbuki zaidi. Nakala hamkuwa nazo. Mlifundishwa kwa masikio. Wa sauti ya pili ya enzi zile umebaki wewe, uliyesimama naye bega kwa bega.

Nimeambatanisha ukurasa wa sauti ya pili usio na pumzi hata moja. Tafadhali uimbe polepole, na pale bega lako litakapokumbuka bega lake likipanda, weka alama. Usijali zikienda upande. Usipokumbuka, niambie hivyo hivyo. Sitathubutu kumbunia mtu pumzi. Dereva wa lori la mbao anayekuletea barua hii anarudi Alhamisi, na amekubali kuusubiri ukurasa.

Msalimie Baba mdogo, na wale mapacha, waambie wakusaidie kubeba maji. Kaka anakusalimu, siku hizi analala sebuleni ili amsikie Baba akikohoa. Baba mwenyewe hakuweza kutuma salamu. Lakini nilipomwambia nakuandikia, alinyoosha kidole kuelekea kifutio kilichokuwa mezani, kisha akakielekeza nje. Nimekitupa.

Mungu akupe nafasi ya kifua na wepesi wa goti.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Mtoto wa dada yako