Pazia la Njano na Mapacha wa Kubuni

Kosa wanalofanya wengi wanaohamahama kwa ajili ya kazi ni kudhani kwamba mzigo mzito ni ule unaofungwa kwa kamba. Wanahesabu masanduku, wanagombana na buti la gari, wanamlaani aliyebuni kabati la milango mitatu, na mzigo wenyewe hawauoni kwa kuwa haushikiki. Barua ya leo inatoka kwa binti mmoja muuguzi. Nimeiacha ndefu kama ilivyokuja, maana mtu anayetua mzigo hakatizwi.

*Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha, na uniwie radhi kwa urefu wa barua, jambo lenyewe lina miji saba ndani yake.*

*Mimi ni muuguzi wa mashine za kusafisha damu, wagonjwa wetu ni wale ambao figo zao zimechoka, wanakaa kwenye viti kwa saa nne damu yao ikizunguka kwenye mirija na kurudi, na kazi yangu ni ya mkataba, miezi mitatu hapa, miezi mitatu kule, popote hospitali inapopungukiwa watu wakala ananipigia simu nami nafunga virago napakia kwenye gari langu dogo ninaloliita Kobe, kwa sababu linabeba nyumba mgongoni na halina haraka na mtu.*

*Sitakudanganya, barabara naipenda, kuna ile saa ya asubuhi ukungu umelala juu ya mashamba na Kobe anaunguruma taratibu, naona kama si mimi ninayekwenda bali miji ndiyo inayonijia, mmoja mmoja, kama watu wanaokuja kusalimia, lakini vituko navyo vimeniandama, safari ya mji wa tatu askari wa barabarani alinisimamisha akazunguka gari mara mbili akauliza, "Dada, kamba hizi umefungia nini?" nikamwambia, "Godoro, afande," akasema, "Godoro gani?" nikashuka nikatazama, juu ya Kobe palikuwa na kamba na anga tu, ikabidi nirudi nyuma mwendo wa nusu saa, nikalikuta limetua kwenye majani kando ya barabara na mzee mmoja amekaa juu yake mikono magotini kama anayesubiri kuitwa na daktari, akaniambia, "Tumekulindia, mwanangu, ila lina bonde upande wa kushoto."*

*Mji wa tano ndio usiseme, wakala alinielekeza nyumba ya bluu nyuma ya shule, nikaiona, nikabisha hodi, mama wa nyumba akanipokea begi akasema, "Karibu, wifi, za safari?" na mumewe aliporudi kazini akasema, "Shemeji! Wa huko hawajambo?" nikaonyeshwa chumba, nikapewa maji ya kuoga, nikala, nikalala, nikajiambia mji huu wapangaji wanapokewa kwa heshima sana, hadi siku ya pili tukiwa kwenye chai mume akamwuliza mkewe kwa sauti ya chini, "Ndugu yako atakaa mpaka lini?" na mke akasema, "Ndugu yangu? Huyu si mtoto wa shangazi yako?" wote watatu tukalitazama birika, kumbe nyumba za bluu ni mbili, na yangu ilikuwa ile inayofuata.*

*Kisa hiki, mshauri, sijamsimulia mama yangu, na mama yangu ndiye mtu ambaye angekicheka hadi akashika mbavu, na hapo ndipo tatizo langu lilipo, mama hajui kwamba nimeuona mji wa tano, wala wa pili, mama anajua bado niko mji wa kwanza.*

*Marehemu baba alikuwa msimamizi wa ujenzi wa barabara, kila kipande kikiisha tunahama, mama alifunga na kufungua nyumba kumi na moja, na kila nyumba kitu cha kwanza alichofanya kabla hata ya kuwasha jiko ni kutundika pazia lake moja la njano, nilipohitimu akanipa pazia hilo akaniambia, "Wewe uote mizizi, mwanangu, mimi nimechoka kwa niaba yako," sasa nilipopata ule mkataba wa kwanza akanipigia akauliza, "Ndiyo kazi ya kudumu?" na sauti yake ilivyokuwa na furaha sikuwa na moyo, nikasema ndiyo, nikajua nitamweleza baadaye, na baadaye yenyewe imetimiza mwaka na nusu.*

*Chumba kile cha kwanza kilikuwa na dirisha linalotazama mpera, asubuhi jua likipita kwenye pazia chumba kizima kinakuwa rangi ya asali, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na jirani fundi cherehani, dada mmoja mcheshi, mashine yake inanguruma na kunyamaza, inanguruma na kunyamaza, kama mvua isiyojua kama inyeshe, nami kila mji mpya nikilala kwenye godoro langu lenye bonde nafumba macho nakijenga upya, kwanza dirisha, kisha pazia, kisha ile sauti, ndipo usingizi unakuja, na wakati mwingine nikiamka napapasa ukuta kutafuta swichi ya chumba kile, mkono unakutana na ukuta mtupu, au na mlango, na siku moja ulikutana na uso wa muuguzi mwenzangu tuliyekuwa tunalala chumba kimoja.*

*Mama kila Jumapili anauliza, "Fundi hajambo?" nami baada ya miezi nikachoka kusema hajambo, nikamwoza fundi, harusi ikafana, kisha nikampa mapacha, na fundi mwenyewe hana hata mchumba, sasa wiki iliyopita mama kaniambia ameshafuma masweta mawili na mwisho wa mwezi anapanda basi kuja kuniona na kuwashika hao watoto, nikamwuliza vipimo alivipata wapi, akasema, "Nimekisia tu, watoto wa namna ile hawapishani."*

*Nimempigia fundi, amecheka hadi simu ikamwanguka, alipoiokota akasema, "Shoga, mapacha nitawatoa wapi? Niazime kwa jirani?" lakini ni mtu mwema, amekubali, na chumba changu cha zamani sasa anakaa mwalimu wa hesabu, naye amekubali kuhamia kwa kaka yake siku tatu, kwa hiyo mpango wangu ni kuomba ruhusa, nipakie kitanda, godoro na pazia juu ya Kobe, niendeshe siku mbili nikakipange chumba kama kilivyokuwa, mama aje, aone, aondoke, nami nirudi huku.*

*Nikimweleza ukweli naogopa, ana presha, na pia naona kumbukumbu zimeanza kumpungua, maana pazia nililitundika mji wa kwanza mbele ya macho yake siku aliyonisindikiza, lakini siku nilipofika mji wa tatu, godoro bado liko barazani, aliniuliza kwenye simu, "Umeshatundika pazia?" na siku nilipoingia nyumba yangu halisi ya bluu akauliza tena, na Jumapili iliyopita, siku nilipofika mji huu wa saba, pazia likiwa bado sandukuni, akauliza vilevile, "Umeshatundika pazia, mama?" nikasema nililitundika zamani, akasema, "Haya," ikanichoma roho, sasa mtu wa namna hii nitampa habari ya miji saba kwa mpigo? Nishauri, niende nikapange chumba, au nimwambie?*

*Mimi,*
*Muuguzi wa Miji Saba*

Mwanangu, kaa kwanza. Umesimama muda mrefu.

Nimecheka, sikufichi. Nilipofika kwenye birika ilibidi niivue miwani niifute. Kisha nikaendelea kusoma na nikakasirika kidogo, na kwa kuwa wewe umenieleza yote, nami nitakupa yote.

Mpango wa kupanga chumba ufute. Mwalimu wa watu atolewe kitandani mwake, watoto wa jirani waazimwe kama masufuria, wewe uendeshe siku mbili na kitanda kichwani, na godoro lako tunalijua tabia yake. Yote hayo ili umpeleke mama yako kutazama mchezo wa kuigiza siku moja au mbili. Na akishaondoka je? Mapacha wataanza kutambaa, kisha watasema, kisha wataanza shule. Utawalipia sare?

Sasa nikueleze kwa lugha ya kazi yako, maana naamini wewe ni muuguzi mzuri. Mgonjwa wako akija, kabla hujamuunganisha na mashine, unampima uzito. Unampima kila anapokuja, hata kama ulimpima juzi, kwa sababu uzito wa leo ndio unaokuambia utoe maji kiasi gani mwilini mwake. Ukitumia uzito wa mwaka jana utamdhuru, hata ukiwa unampenda namna gani. Basi mama yako umekuwa ukimhudumia kwa uzito wa mwaka juzi. Umechukua furaha ya sauti yake ya siku moja, ukaiandika kwenye kadi, na hujampima tena tangu siku hiyo. Alisema amechoka, ndiyo. Hukumwuliza alichoshwa na nini. Mwanamke aliyehamishwa mara kumi na moja huenda hakuchoshwa na barabara. Huenda alichoshwa na kuambiwa "tunahama kesho" bila mtu kumwuliza neno.

Kuna jambo lingine, na hili nataka ulisome polepole.

Chumba kitupu kina sauti yake. Ukuta mtupu unarudisha maneno ya mtu. Ukitundika pazia, ukatandika godoro, ukaangika nguo msumarini, vitambaa vinaimeza ile sauti na chumba kinatulia. Mtu aliyeishi nyumba moja maisha yake yote hawezi kulijua hili. Mtu aliyeingia nyumba tupu mara kumi na moja, akasimama katikati akawaita wanawe, analijua kama anavyojua ladha ya chumvi. Analisikia hata kwenye simu.

Umesema mama yako anasahau. Hebu iangalie barua yako mwenyewe. Amekuuliza habari ya pazia mara tatu. Mara ya kwanza godoro lilikuwa barazani. Mara ya pili ulikuwa ndiyo kwanza unaingia nyumba ya bluu. Mara ya tatu pazia lilikuwa sandukuni. Hakuna mara hata moja aliyoliuliza katikati ya mkataba, ukiwa umeshatulia. Mtu aliyepungukiwa kumbukumbu hukosea siku yoyote. Mama yako hakosei siku hata moja.

Na hayo masweta. "Watoto wa namna ile hawapishani." Wa namna ipi, mwanangu? Mimi nilicheka kwa sauti, na nadhani hata yeye alicheka alipokata simu.

Siwezi kuapa. Simjui, na masikio yangu hayapo kwenye simu yenu. Lakini ningekuwa wewe nisingeogopa kumpa mama habari. Ningeogopa kwamba anazo muda mrefu, na kila Jumapili amekuwa akiuacha mlango wazi apite mwanawe, na mwanawe anasimama nje akimsimulia harusi za fundi. Mzazi akilijua jambo akanyamaza, mara nyingi anasubiri kuheshimiwa kwa kuambiwa. Naona sasa amechoka kusubiri. Ameamua kuja mwenyewe, na ushahidi wa sufi mkononi.

Na kama hajui? Bado mwambie. Umetaja presha. Ukweli unaosemwa taratibu, kwa sauti ya mtoto wake, akiwa amekaa kwenye kiti chake, hauwezi kuwa sawa na ule utakaompokea kituoni, ameshuka kwenye basi na miguu imevimba, fundi anamletea watoto wawili ambao kila mmoja ana mama yake. Kama una wasiwasi, mwombe ndugu au jirani anayemwamini akae naye wakati unapiga. Wewe ni muuguzi, unajua namna ya kutoa habari. Sema fupi, sema kweli, kisha nyamaza umsikilize. Usimwambie ulidanganya kwa ajili yake. Ulidanganya kwa sababu ulitaka kubaki binti wa ile sauti yenye furaha. Hilo linasameheka, ila liseme kama lilivyo.

Kile chumba chenye rangi ya asali kibakize. Hakuna ubaya mtu kulala kwa kumbukumbu ya mahali alipopapenda. Wengi wetu tuna chumba kimoja cha namna hiyo, na ukuta wake hauhitaji kodi. Ubaya ni kumfungia mama yako humo peke yake, wewe ukiwa barabarani na mambo mazuri kama yale. Amekosa godoro lililoruka. Amekosa mzee aliyelilinda. Amekosa wifi na shemeji na birika! Miezi kumi na minane umemnyima mama yako kicheko, ukampa mapacha.

Masweta aje nayo. Hospitali yako haikosi wodi ya wazazi, na wodi ya wazazi haikosi mapacha wa kweli. Lakini aje mji wa saba, anakotakiwa. Na mkataba huu ukiisha, mwombe apande Kobe mwende naye mji wa nane, hata kwa wiki moja, na safari hii aulizwe kwanza. Akikataa, umemwuliza. Akikubali, mwachie kamba. Mwanamke aliyefunga nyumba kumi na moja hawezi kuangusha godoro.

Leo ukitoka zamu, ingia chumbani kwako, simama katikati, usilitoe pazia sandukuni, mpigie mama yako simu, na akikuuliza kama umeshalitundika, sema bado.