Kadi ya Mwana Hiti

Dar es Salaam, 3 Juni 1912

Mjomba Mwinjuma, shikamoo.

Mimi mzima, ila kikohozi kidogo cha vumbi la chaki. Mgongo wako unaendeleaje? Na dada Mosi, bado ni mwali wa ndani? Mwambie miezi mitano si mingi, ingawa najua atanicheka.

Wadachi wanafungua jumba la maonyesho hapa mjini. Wamekusanya vinyago vya nchi yetu na vya visiwa vya Bahari ya Kusini, ambavyo pia wanavitawala. Bwana Daktari, mwenye kazi hiyo, anasema nchi zote mbili zina jua moja na mvua moja, kwa hiyo mikono ya watu wake imefanana. Kuna kichwa cha mti kutoka visiwani, kimebandikwa nywele za mtu. Nilipokiona nilikumbuka nyumbani.

Nimechaguliwa kuandika kadi za Kiswahili kwa ajili ya mwandiko wangu. Ingekuwa kazi ya kusema wasingenichagua. Wenzangu shuleni bado wananiita Bubu.

Mpwa wako,
Salum


Kinole, 20 Juni 1912

Marahaba, mpwa wangu.

Mgongo unauma nikiinama tu. Barua yako niliichukua dukani kwa Yusufali, Morogoro. Nami nina habari, kaa chini kwanza.

Jumatano tulikuwa tunamtoa Mosi. Ngoma zimeshapashwa moto, pombe iko tayari. Bi Mwaisha, kungwi wetu, akapanda darini kushusha tenga jekundu ili mwali akabidhiwe mwana hiti. Akafungua kaniki, akakuta gunzi la hindi.

Mwana hiti hayupo. Kile kitoto cha mti chenye nywele za marehemu mama yenu hakipo.

Watoto ndio waliosema. Wakati wa masika alipita Mzungu na wapagazi, sisi tuko mashambani. Hakuuliza njia. Aliziacha nyumba mbili, akaingia ya tatu, akatoka na kifurushi. Walidhani amepewa.

Sasa watu wanauliza nani alimwelekeza, maana mahali pale panajulikana na watu wa ukoo tu. Wanasema Bi Mwaisha ameuza. Wanawake hawampokei salamu, na kisimani wanamwachia nafasi kama mgonjwa wa ndui. Aliniambia, "Mwinjuma, nimewatoa wali ishirini na wawili. Wa ishirini na tatu ndiye nimuuze?"

Mosi amerudishwa ndani. Hakuna kungwi mwingine anayethubutu kumtoa.

Mjomba wako,
Mwinjuma


Dar es Salaam, 2 Julai 1912

Mjomba, shikamoo.

Leo nashindwa hata kukuuliza hali.

Nimemwona. Yuko ndani ya sanduku la kioo, rafu moja na kile kichwa cha visiwani. Nilimjua kwa alama ya tezo lako begani. Nilikaa sakafuni.

Kisha nikapewa maneno ya Kidachi ya kadi yake, niyageuze. Mstari wa kwanza unasema ni kazi ya kale, aliyechonga hajulikani. Wewe ulimchonga mwaka reli ilipofika Morogoro, mimi nikiokota vipande vya mti miguuni pako! Mstari wa pili unasema: "Kinole. Huwekwa kwa kungwi, nyumba ya tatu baada ya kijito, darini, katika tenga jekundu."

Mjomba, hayo ni maneno yangu.

Mwaka jana tuliandika insha juu ya kitu cha kwetu. Niliandika yote, kwa kuwa nilitaka iwe kweli. Sikuweza kusimama kuisoma, basi mwalimu akaichukua. Baadaye alinipa zawadi ya kalamu. Ndiyo hii ninayoandikia.

Nilimwendea Bwana Daktari. Maneno yaliyotoka ni matatu: "Ana mwenyewe, Bwana." Akanijibu kwa upole kwamba vitu vya nchi hizi mbili ni ndugu, na hapa vitakaa pamoja siku zote. Afadhali angenifokea. Nilikitazama kile kichwa cha visiwani, nikajiuliza ni mwanafunzi gani wa huko aliyeandika insha nzuri.

Bi Mwaisha hana kosa. Wasomee watu wote barua hii.

Mpwa wako,
Salum


Kinole, 23 Julai 1912

Marahaba, Salum.

Barua yako imefika siku tisa baada ya Bi Mwaisha kuondoka. Alifunga mkeka wake, akaenda Dumila kwa watu wa marehemu mumewe.

Niliisoma uwanjani. Hakuna aliyenyanyua kichwa. Kilio cha Mosi tulikisikia kupitia ukuta.

Nikamfuata Dumila kwa miguu. Nilimkuta anatwanga mahindi ya watu. Alisikiliza barua hadi mwisho, mchi mkononi, kisha akauliza, "Mtoto huyu ana mdomo?"

Nikasema anao.

"Basi aje nao. Karatasi ndiyo iliyonitoa kwangu. Karatasi hainirudishi."

Mti nitachonga mwingine. Nywele za mama yenu sina, na Bi Mwaisha siwezi kumchonga. Najua ulivyo na haya, kwa hiyo najua ninachokuomba.

Mjomba wako,
Mwinjuma


Dar es Salaam, 3 Agosti 1912

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima, ila naandika haraka, nisamehe mwandiko.

Maonyesho yalifunguliwa jana. Kwenye kadi ya Kiswahili nimeandika hivi: "Mwana hiti. Amechongwa na Mwinjuma wa Kinole, yu hai. Nywele ni za mama yetu. Alichukuliwa bila ruhusa, na mwali anamngoja."

Mabwana walisoma ya Kidachi, wakapita. Mpishi mmoja alisoma yangu kwa sauti, na wafagizi wakaja kusimama karibu naye. Mwalimu atajua kesho, au keshokutwa. Shuleni sitarudi tena.

Alfajiri napanda gari moshi hadi Morogoro, kisha miguu hadi Dumila. Nikifika mlangoni nitasema, "Shikamoo Bi Mwaisha. Aliyemwelekeza ni mimi." Nimejaribu mbele ya ukuta tangu mchana. Mpaka sasa inakwama kwenye "mimi".

Kalamu naiacha juu ya meza ya mwalimu. Baada ya hii, usiende tena dukani kwa Yusufali kuulizia barua.

Mpwa wako,
Salum