Chupa Uliyonitumia kwa Basi

Soweto, Mbeya
Jumapili, baada ya misa

Kaka Festo,

Shikamoo. Kamwene. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na wifi na watoto, na baridi ya huko Mgololo isiwe imewafungia ndani. Hapa kwetu watu wanatoka nje saa nne, jua likishajionyesha kidogo. Ninyi huko nadhani mnaota moto mpaka mchana. Kifua cha wifi kimepona? Yule binti aliyepata kipaimara anaendeleaje na shule? Habari za ng'ombe nitauliza baadaye, maana ng'ombe ndio walionifanya nikae chini kuandika.

Utashangaa kuletewa barua zama hizi za simu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza. Ukinikatiza nalia, nikilia unasema, "Yusta, acha utoto," halafu simu inakatika mimi sijasema lolote. Karatasi utaisoma mpaka mwisho. Nimempa mwalimu wa kwaya anayerudi huko kesho, na nimemwambia akukabidhi mkononi, asimwachie mtu dukani.

Mama hajambo, kiasi cha kulalamika kwamba ugali wangu ni laini. Anakula, anatembea akishika ukuta. Mguu ule nitakueleza.

Nianzie mbali kidogo, usije ukasema sikukufafanulia. Mwezi wa pili daktari wa huko alikata kipande kidogo cha ule uvimbe wa nyuma ya goti la mama, akakitia kwenye chupa ya dawa, akabandika karatasi yenye jina la mama, akakukabidhi wewe mtoto wa kwanza. Ndivyo tunavyofanya kazi huku kwetu. Hospitali nyingi hazina mtu wa kusoma nyama kwenye hadubini, kwa hiyo ndugu wa mgonjwa ndiye anayesafirisha. Ulinipigia ukasema, "Nimeiweka kwenye basi, kampokee mama yako." Nilicheka. Nikaenda stendi, nikaipokea kwa mikono miwili.

Kazi yangu unaijua, ingawa nyumbani mmezoea kusema Yusta anapima damu. Sipimi damu. Mimi ndiye ninayekichukua kinyama nikakigandisha kwenye nta, nikakikata kwa mashine mpaka kikawa chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, nikakipaka rangi na kukilaza kwenye kioo ili daktari akisome. Siku ile mwenzangu aliniambia, "Dada Yusta, hiki niachie mimi, ni cha mama yako." Nikakataa. Nikasema mama amenibeba mgongoni miaka yote ile, nami leo namshika hivi. Nikafanya ishara ya msalaba kabla sijazungusha mashine. Nililia, kaka. Nililia juu ya ile nyama mpaka miwani ikaniteleza, na leo nikikumbuka natamani kuipiga teke ile mashine.

Daktari wetu anayesoma vioo si mtu wa kubahatisha. Alikaa na kioo cha mama siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaniita. "Yusta, kitu kama hiki sijawahi kukiona kwenye goti la mtu." Akanieleza kwamba uvimbe wa nadra ndio unaowatesa madaktari kuliko magonjwa makubwa yanayojulikana. Jicho hutambua lilichokwisha kuona, na kuna uvimbe ambao daktari anaweza kustaafu hajakutana nao hata mara moja. Zipo rangi maalumu za kusaidia kutofautisha, lakini nyingi hatuna. Basi akapiga picha, akawatumia wenzake Dar es Salaam na wengine nje ya nchi. Majibu yakarudi matatu yenye majina matatu. Mmoja alisema ni saratani ya tezi za jasho, ya aina ambayo yeye mwenyewe aliisoma vitabuni tu. Walilokubaliana ni moja: mguu utolewe juu ya goti, na usicheleweshwe.

Sitakuficha kitu, maana nataka angalau mmoja wetu asiwe na la kuficha. Uvimbe wa mama ukawa habari hospitali nzima. Kwenye kikao cha madaktari nilisimama nikaeleza lini ulianza, unauma vipi, mama analima nini. Wakaandika kila nilichosema. Katikati ya hofu yangu nikajiona kidogo. Nikafikiri, kumbe mama yangu, aliyeishia darasa la nne, atawafundisha madaktari kitu, na siku moja mgonjwa mwingine atapona kwa sababu yake.

Nilipokupigia kukwambia mguu unakatwa, ulinyamaza. Nikadhani ni uchungu. Halafu ukasema, "Kwani hamwezi kupima tena?" Nami nikakujibu kwa ukali kwamba tumepima na kurudia, asiyesoma asitufundishe kazi. Kwa neno hilo la mwisho naomba radhi. Lakini Festo, pale ndipo ulipotakiwa kusema. Nilikuwa bado kwenye simu nakusikiliza, na mama alikuwa bado ana siku kumi za kubaki na mguu wake. Ukasema, "Haya, mimi nitampandisha basi." Na kweli ukampandisha.

Jumatatu iliyopita, mama akiwa ameshafika kwangu na siku ya kumkata imepangwa Alhamisi, alikuja maabara daktari mmoja wa mifugo. Mashine yao imeharibika, kwa hiyo huwa analeta sampuli zake kwetu nizikate mimi. Tunamwita dada Subira. Kioo cha mama kilikuwa bado kiko kwenye hadubini. Akainama, akachungulia, kama mtu anavyochungulia sufuria la jirani.

"Huyu ng'ombe wa nani?" akauliza.

"Dada Subira, huyo ni mama yangu," nikamwambia, na nilisema kwa hasira.

Akanitazama. Akarudi kutazama tena. Aliponyanyuka alikuwa ameshusha sauti. "Samahani, mdogo wangu. Lakini njoo uone hapa. Nywele zimekaa mojamoja, zimepangana sawasawa, na kila unywele una tezi yake kubwa ya jasho. Ngozi ya mtu haikai hivi. Na huu uvimbe mimi nakutana nao. Kule Ubaruku nimewakata ng'ombe wengi wenye kitu hiki hiki. Sisi hatuumizi kichwa, tunaupa jina siku hiyo hiyo."

Akaleta kioo chake cha ngozi ya ng'ombe mzima, tukaviweka pamoja. Hata mimi, ambaye si daktari, niliona. Tukamwita daktari wetu. Alitazama muda mrefu, halafu akakaa kwenye kiti akavua miwani. "Karatasi ilisema mwanamke wa miaka sitini na tatu," akasema. "Mimi nikaisoma karatasi kabla sijaisoma nyama. Miezi minne natafuta ugonjwa wa ajabu wa binadamu." Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe. Mwenyewe zamu yangu ilikuwa inakuja.

Unafikiri walimshuku nani kwanza, kaka? Mimi. Nani anayekata vya watu na vya mifugo kwenye mashine moja? Yusta. Nani alisema hiki nikate mwenyewe, asikiguse mtu? Yusta. Mchana ule ule mkuu akaniambia nipumzike nyumbani mpaka ijulikane nimechanganya vipi. Miaka kumi na moja sijawahi kukosea hata namba moja. Nikavua koti jeupe nikalikunja, wenzangu wakawa wanatazama sakafu.

Nilimkuta mama jikoni anamenya viazi. Nikamuuliza tu, "Mama, kile kinyama ulichokatwa mwezi wa pili, unajua kilikwenda wapi?"

Hata kisu hakukisimamisha. "Si kiko kwa baba yako."

"Kwa baba wapi?"

"Kaburini, pembeni pale. Festo alikifunga kitambaa cheupe akakizika. Kwetu kitu kilichokatwa kwa mtu hakilali ugenini, Yusta, unajua. Babu yako kidole chake kilichokatwa na msumeno kilizikwa nyumbani kabla hata damu haijakauka." Halafu akanitazama. "Mbona unauliza, wakati wewe mwenyewe ndiye uliyeruhusu?"

Nikamwambia sijaruhusu kitu.

"Ulimwambia kaka yako nyama yoyote yenye uvimbe inatosha, ninyi mnatafuta dawa tu. Akatoa kwenye uvimbe wa shingoni wa yule ng'ombe mwekundu aliyechinjwa kwa kipaimara. Mimi nilimuuliza mara mbili. Nikasema, una hakika Yusta amekubali? Akasema, amekubali, ndiyo kazi yake."

Nilikaa chini hapo hapo, kwenye maganda ya viazi.

Lini, Festo? Niambie siku. Umezika, sawa. Uliogopa kuvunja mila ya wazee, hilo naweza kulielewa, hata mimi nimezaliwa nyumba hiyo. Umeweka nyama ya ng'ombe kwenye chupa yenye jina la mama, hilo ni la kipumbavu, lakini labda ulidhani sampuli ni karatasi tu ya kutimiza, kama fomu ya kijiji. Ila ulijua mama asingekubali kudanganya hospitali kwa neno lako. Ukatumia langu. Miaka yote uliyokuwa unaniita daktari wa uongo mbele ya shemeji zako, kumbe siku ulipotaka uongo uaminike ulijua jina la nani litafaa.

Na linaloniuma zaidi ni kwamba hukuhitaji. Juzi nilimwuliza mkuu wetu. Tunachokihitaji kwenye nta ni kidogo kama punje ya harage. Kinachobaki ndugu wakiandika mstari mmoja wa kuomba, wanarudishiwa wakazike. Wapo wanaoomba, nami mwenyewe nimewafungia. Ningekufungia na wewe, ningepanda basi nikakileta kwa baba kwa mkono wangu. Ungeniuliza tu, kaka yangu.

Sasa sikiliza hali ilivyo. Kukatwa mguu kumesimamishwa. Uvimbe wa mama wenyewe, ule wa kweli, hakuna aliyewahi kuuona ndani. Mwezi wa pili ulikuwa kama limau. Leo ni kama parachichi dogo, na umeanza kumwamsha kwa maumivu. Daktari anasema unaweza kuwa wa kutolewa tu mama akarudi shambani, unaweza kuwa mbaya sana, na safari hii hatakisia. Anataka kinyama kingine. Kile ulichokizika kimeshakuwa udongo, kwa hiyo usihangaike kuchimba. Inabidi mama akatwe upya, kidogo tu. Daktari mpasuaji amekubali kumwona Alhamisi hii, na baada ya hapo anasafiri mwezi mzima.

Mama amekataa.

Nilimweleza yote, taratibu, kama ninavyokueleza wewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kwa hiyo mlitaka kunitoa mguu kwa ugonjwa wa ng'ombe, na wewe ulijua ni ng'ombe." Nikasema mama, sikujua. Akasema, "Festo hajawahi kunidanganya." Siku sita sasa tunalala chumba kimoja na ananigeuzia mgongo. Nikimletea dawa ya maumivu anauliza ni ya nini, anaigeuza kiganjani kama mtu anayekagua mbegu mbovu. Haamini mkono wangu, Festo. Mama yangu mzazi. Mimi nikisema sikujua, anaona najitetea.

Barua hii sikukuandikia uniombe msamaha. Ukiniomba sasa hivi sitakupa, sina. Nakuandikia upande basi, ufike hapa kabla ya Jumatano jioni, ukae mbele ya mama, na mimi nikiwa hapo hapo, umwambie kwa mdomo wako kwamba Yusta hakuulizwa na Yusta hakujua. Halafu umwambie akubali kukatwa, na kwamba kitakachobaki kitarudi nyumbani. Ile karatasi ya kuomba nimeshaiandika, bado sahihi ya mtoto wa kwanza. Ukimaliza hapo, kama utapenda kurudi siku hiyo hiyo, rudi. Habari ya kazi yangu na yule mkuu nitaipigania mwenyewe.

Nisalimie wifi, umwambie simlaumu kwa lolote na kitenge chake nimeshakipata. Msalimie baba mdogo katekista, aendelee kumtaja mama kwenye maombi ya waamini, ila asitaje ugonjwa gani, maana haujulikani. Msalimie shangazi mkubwa na miguu yake, na watoto wote mmojammoja. Binti wa kipaimara mwambie shangazi yake anampenda, na asije akasikia ng'ombe wa sherehe yake alifika wapi.

Sasa hivi mama ameamka, ameniuliza naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia namwandikia Festo aje. Amefurahi, mara ya kwanza wiki hii. Amesema, "Vizuri. Mwambie aje haraka. Yeye ndiye atakayeniambia ukweli."

Mdogo wako,
Yusta