Kofia Kaburini

Jumapili, 11 Januari 1976

Nisamehe, daftari. Miezi mitano bila hata mstari mmoja – mimi niliyewalazimisha watoto wa Nyeri, kwa miaka thelathini na minne, kuandika shajara zao kila jioni kabla ya kufunga mkoba. Haukuwa uvivu. Sikutaka kuliandika neno lenyewe. Leo naliandika. Saratani.

Ilianzia kwenye kovu la utotoni. Nilipokuwa na miaka minne nilimwagikiwa uji wa moto utosini, na nywele hazikuota tena mahali pale. Kwa miaka sitini kovu lile lilikaa kimya chini ya kofia. Mwaka juzi likafungua kidonda kidogo kisichokauka. Nilikificha. Watiri, mke wangu, alikigundua kwenye foronya ya mto wangu.

Septemba daktari wa upasuaji alikata pote, karibu na mfupa. Akachukua ngozi pajani mwangu, akaishona utosini kama kiraka cha suruali. Sasa pamefunga. Ni ukubwa wa kifuniko cha kopo la mafuta ya kupikia, pekundu-pekundu, ukingo mgumu.

Nayaandika masharti yake, nisije nikajipunguzia. Kuosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kukausha kwa kugusa, si kwa kusugua. Vaselini asubuhi na jioni, na kukanda kwa kidole gumba dakika kumi. Jua lisipaguse kamwe kwa mwaka mzima, hasa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Kidonda chochote kipya, nirudi siku hiyohiyo.

Jumatano, 14 Januari 1976

Watiri hunikanda. Mimi hujaribu mwenyewe, lakini mtu haoni utosi wake. Nikisogea ananiambia, Tulia, Baba Ngendo, au niite jirani akushike? Huanza kwenye ukingo, akizungusha gumba polepole, halafu katikati. Ukingoni nahisi. Katikati sihisi kitu – kana kwamba anakanda kichwa cha mtu mwingine.

Ameishonea kofia yangu kubwa bitana ya pamba, kwa kuwa sufu huwasha. Ukingo wake ni mpana sana. Anasema watu wa hapa Ruring'u watadhani mzungu amerudi kukagua kahawa yake. Sikucheka mbele yake. Nilicheka baadaye, chooni.

Jua ni kali. Mvua ya mwisho ilikuwa kabla ya Krismasi.

Jumamosi, 17 Januari 1976

Tumemzika Kabura, msimamizi wa kwaya ya akina mama. Apumzike.

Mlima ulikuwa wazi tangu asubuhi, bila hata wingu moja. Kaburi lilichimbwa shambani kwake, mteremko usio na mti. Mimi ndiye msomaji wa Neno mazishini, na ndiye ninayesema neno moja kabla ya somo: "Kofia!" Wanaume wote huvua. Nimelisema neno hilo tangu enzi za Hali ya Hatari, na hakuna asiyejua kwamba mimi huvua wa kwanza.

Leo nilikaa nayo kichwani mpaka saa ya somo. Watu walikuwa wananitazama. Nikalisema neno langu. Nikavua.

Nilidhani ni dakika kumi. Lakini baada ya somo akaongea shemeji, akaongea chifu, akaongea mwakilishi wa chama cha kahawa. Robo tatu ya saa. Sikusikia maumivu yoyote, wala joto. Nikajiambia kwamba madaktari hutia chumvi.

Jumapili, 18 Januari 1976

Malengelenge. Matatu, katikati ya kiraka. Watiri ameyaona alipofungua kopo la vaselini. Amelifunga kopo, akaketi kitandani akiwa amelishika.

Jumatatu, 19 Januari 1976

Hospitalini. Jana kliniki ilikuwa imefungwa. Muuguzi wa vidonda ni Bi. Khavere, mwanamke wa Vihiga, mnene, asiyeogopa mtu. Nilimweleza kwamba sikuhisi chochote. Akasema ndiyo maana: ngozi ya kushonwa haina hisia, kwa hiyo inaungua kama mtu aliyelala fofofo. Nilimweleza pia habari ya mazishi, na kwamba ni desturi, na kwamba tulikuwa mbele za Mungu. Alikuwa akikata bandeji. Akaweka makasi chini.

"Mzee, jua halijui kama wewe unaomba."

Kisha akasema wazi zaidi. Kansa ilitoka kwenye kovu lililoungua. Tukiliunguza tena, tunaikaribisha. Na daktari alishafika mfupani. Mara ya pili hatakuwa na pa kukata. Watiri alikuwapo. Alisikia yote.

Tulipokuwa tunaondoka muuguzi alitutania. Ati ningezaliwa mwanamke ningefunga kitambaa kaburini kama akina mama wote, na hakuna mzee wa kanisa ambaye angeniuliza. Watiri alicheka mpaka akashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Agosti. Nikawaacha waendelee.

Ijumaa, 30 Januari 1976

Malengelenge mawili yamekauka. La tatu limeacha kidonda kidogo kama punje ya dengu. Muuguzi hukitazama kila siku ya tatu. Kisipofunga kufikia katikati ya Februari, kitakatwa kipande, kipelekwe Nairobi kupimwa.

Alasiri nilikwenda kwa Ngatia. Tulisoma ualimu pamoja, tukaoa mwaka mmoja, tukawa wazee wa kanisa siku moja. Moyo wake umechoka. Miguu imevimba, sasa analala ameketi. Mkewe, Wangechi, alituachia chumba.

Aliongea kwa pumzi fupifupi. Ati hataki mwingine amsomee kaburini. Ati vijana wanasoma Neno kama wanauza magazeti. Nikamwambia asiharakishe mambo. Akanitazama kama nilivyozoea kuwatazama wanafunzi waongo.

"Utanisomea, Wahome?"

"Nitakusomea."

Akaona kofia yangu magotini. Akatabasamu. Akasema kofia ile ya ukingo kama sahani ataiona hata akiwa ndani ya sanduku. Sikujua kama ananiruhusu au ananionya. Nilitaka kumwuliza, lakini usingizi ulikuwa umemchukua.

Jumanne, 3 Februari 1976

Moffat, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, amekuja na daftari la maamuzi. Amesikia habari zangu, nani hajasikia? Ni mtu wa njia za mkato, lakini ana moyo mzuri. Anasema wazee wenzangu wameshazungumza. Kwa kuwa mimi bado ni katibu, niongeze maneno machache chini ya sharti la kuvua kofia kaburini, nao watatia sahihi: "isipokuwa Mwalimu Wahome, kwa sababu ya ugonjwa." Basi. Ngatia akiitwa, nitasoma na kofia kichwani, na mambo yamekwisha.

Ameniachia daftari. Nimelifungua. Mwaka 1958, mwandiko wangu mwenyewe, wima, wino mweusi: "Mwanamume ye yote hatasimama kaburini na kofia kichwani. Hakuna udhuru."

Naandika hapa jambo ambalo sijamwambia mtu. Wazee waliamua sentensi ya kwanza tu. Ya pili niliiongeza mimi. Niliposoma kumbukumbu kikaoni hawakuipinga. Nilikuwa mwalimu.

Sijaongeza maneno ya Moffat. Nilichovya kalamu, nikaiona sura ya Barnabas Munyao.

Alhamisi, 5 Februari 1976

Nilikwenda Majengo leo, saa kumi na nusu, jua likiwa limepungua. Karakana ya Barnabas iko nyuma ya msikiti. Ni seremala, Mkamba kutoka Machakos, amekaa Nyeri miaka mingi kuliko wengi wetu. Alikuwa wa kanisa letu. Aliacha mwaka 1968, na mimi ndiye sababu.

Mwaka ule alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiliezeka. Alishonwa kichwa. Wiki mbili baadaye alikuja kumzika jirani yake, naye alikuwa na kofia. Nilisema neno langu. Hakuvua. Nikalirudia, nikamwita kwa jina mbele ya watu wote. Akavua. Kichwa kilikuwa kimenyolewa nusu, na uzi ulikuwa haujatolewa. Nzi wakaja. Alisimama hivyo mpaka mwisho, kofia kifuani, hawafukuzi. Nami niliona. Nikaendelea kusoma.

Leo alikuwa akipiga randa. Alinikaribisha kwa adabu, akapangusa kigoda, akaniita Mwalimu. Ana kofia ya kitambaa. Haivui hata ndani. Nilimwambia nilichokuja kusema. Nilikuwa nimekipanga njiani, lakini kilitoka vibaya, vipande vipande. Nikavua yangu nimwonyeshe utosi. Tulikuwa kivulini.

Alikung'uta randa yake. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake:

"Mwalimu, ile siku wewe hukuuliza. Uliangalia kofia tu. Sasa hii ni kichwa yako, ndiyo umekuja."

Alisema kweli.

Nilimweleza habari ya daftari, na maneno ambayo Moffat anataka niandike. Akauliza kama jina lake litakuwamo pia. Nikasema hapana, langu tu. Akaguna, akarudi kwenye randa yake. Nilipokuwa mlangoni aliniita. Akasema nikienda kwa wazee kuzungumza habari ya kofia, na kama nitaizungumza yote, siyo yangu peke yangu, nimpelekee habari. Atakuja. Lakini ataingia na kofia kichwani.

"Hiyo sivui tena, Mwalimu. Hata askofu akuje."

Nikarudi nyumbani polepole. Watiri alipokuwa ananikanda aliniuliza kwa nini shingo yangu ni ngumu hivi.

Jumamosi, 7 Februari 1976

Ngatia ametutoka leo alfajiri.

Wangechi anasema aliomba chai, akainywa nusu.

Mazishi ni Jumatano, saa sita mchana, shambani kwake. Kikao cha wazee ni Jumanne. Sina zaidi.

Jumatatu, 9 Februari 1976

Nimemweleza Watiri yote: sentensi niliyoiongeza, nzi, na sharti la Barnabas. Alisikiliza akichambua maharagwe. Akasema wazee watanipa ruhusa yangu nikiomba kwa ajili yangu, lakini nikianza kuwaonyesha kwamba sharti lilikuwa baya tangu mwanzo, na kwamba waliliidhinisha kwa kunyamaza, wataona haya, na wenye haya hukasirika. Wanaweza kunikatalia yote. Hapo nitachagua nini Jumatano? Kuvunja ahadi niliyompa Ngatia, au kuvua?

Nikamwambia sitavua.

Akasema, "Ulisema hivyo pia kabla ya Kabura."

Ni kweli, nilimwambia hivyo asubuhi ile mlangoni. Nilikuwa nimesahau.

Mchana nilimtuma mjukuu wangu Wamucii kwenda Majengo na barua. Barnabas hakuandika jibu. Alimwambia tu: sawa.

Jumanne, 10 Februari 1976

Hospitalini asubuhi. Kidonda hakijafunga. Hakijaongezeka pia. Bi. Khavere alikipima kwa rula ndogo, akakipima tena. Alhamisi daktari atakata kipande. Alinipaka dawa, akanivisha kofia kwa mikono yake, akaivuta mpaka ikagusa masikio, kama anavyovishwa mtoto wa nasari. Nilimtajia mazishi ya kesho; akasema Alhamisi anataka kusikia kwamba ilikaa hapo. Sikumwahidi.

Kikao ni saa nane. Moffat amepita kuuliza kama nimeshaandika yale maneno. Nikamwambia nafasi bado iko wazi. Akanisihi. Akasema, Mwalimu, usiufanye mlango mdogo kuwa lango; pitia tu, tumzike mwenzetu kwa amani. Huenda ana haki. Wangechi hahitaji wazee wanaogombana juu ya jeneza la mumewe. Nami nina kidonda cha ukubwa wa dengu na kalamu mkononi. Maneno saba tu, na kesho nitasimama mbele ya Ngatia nikiwa salama.

Nimeifungua tena sehemu ile. Sikuandika maneno ya Moffat. Nimepiga mstari mmoja, kwa rula, juu ya "Hakuna udhuru", na kando yake nimetia jina langu na tarehe ya leo. Katibu hana ruhusa ya kufuta neno bila kikao. Nalijua hilo, ndimi niliyewafundisha. Wanaweza kuniondoa ukatibu, uzee na usomaji kwa kuinua mkono mara moja.

Watiri amenikanda mapema, ameniosha, amenikausha. Ameivisha kofia bitana mpya.

Dirishani namwona Barnabas langoni. Amevaa koti, na kofia yake ya kitambaa. Watiri amempelekea kiti kivulini. Amekikataa kwa heshima. Anasimama juani, ananingoja.

Natoka. Watakaloamua wazee – na nitakalolifanya mimi kesho saa sita, wakiamua vibaya – nitaliandika hapa bila kuongeza sentensi.