Miwani Niliyompa Mama Asekenye

Jumanne, jioni. Mvua imenyesha tangu saa nane na viatu vyangu bado vina matope ya kijiji cha Kwapa, kule Uganda. Nimerudi nyumbani Busia, upande wa Kenya, na sina hamu ya kuongea na mtu.

Leo tulikuwa huko ng'ambo ya mpaka, kwenye ukumbi wa kanisa, tukipima macho na kuuza miwani kwa bei ambayo mkulima anaimudu. Kazi hii naipenda. Mtu anavaa miwani, anafungua Biblia na kusoma mwenyewe baada ya miaka mingi. Siku kama hiyo narudi nikiimba.

Leo sikuimba.

Saa saba na nusu hivi aliingia Mama Asekenye, ameshikwa mkono na mumewe. Nilimkumbuka. Mwaka jana nilimpa miwani ya kusomea kwa sababu alikuwa akishindwa kuchambua mawe kwenye maharagwe. Alikuja ameivaa ileile, upande mmoja umefungwa kwa uzi.

"Musawo, hii miwani ilikuwa muzuri," akasema. Ndivyo wanavyomwita kila mhudumu wa afya huko. "Sasa nguvu yake imeisha. Unipatie ingine kali."

Nikamulika macho yake. Jicho la kushoto halikuona hata tochi. La kulia linaona katikati tu, kama anayechungulia ndani ya bomba. Nikapima presha ya macho, nayo ilikuwa juu sana. Ugonjwa huu, glakoma, hauumi. Unaanza kula uwezo wa kuona pembeni, kimyakimya, na kinachopotea hakirudi.

Nikafungua daftari la mwaka jana. Jina lake lipo, na mbele yake mwandiko wangu: anajigonga milangoni.

Alikuwa ameniambia.

Nilisikia, nikaandika, nikampa miwani, nikamwita anayefuata. Foleni ilikuwa ndefu na wingu lilikuwa limetanda. Mashine ya kupima presha ilikuwa ndani ya boksi, hatua mbili kutoka nilipoketi. Sikuitoa.

Nilimweleza taratibu kwamba hakuna miwani itakayorudisha jicho la kushoto. Kuna matone ya kulinda hicho kidogo kilichobaki, ayatie kila siku, maisha yake yote, na aende hospitali ya Tororo akaonwe na daktari wa macho. Mumewe ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini:

"Mwaka jana, hii ugonjwa ilikuwa inaonekana?"

"Ni vigumu kujua," nikamjibu.

Haikuwa vigumu.

Mama Asekenye akapapasa mezani mpaka akaupata mkono wangu. Akaushika kwa mikono yote miwili, akanishukuru kwa kutowasahau. Wakaondoka na matone yao, mvua ikianza.

Tangu nivuke mpaka nawaza kwenda kwao Ijumaa nimwambie ukweli. Halafu najiuliza: akishajua kwamba ugonjwa ulipita mikononi mwangu, ataendelea kutia matone niliyompa mimi? Asipotia, jicho la pili nalo litakwenda.

Au natafuta tu sababu ya kunyamaza?