Sauti Yako Mashineni

Mjukuu wangu, mke wangu mkorofi,

Babu mzima, meno tu ndiyo yanazidi kuhama. Albamu yako ya muziki wa metali imefika. Jirani alipoisikia alidhani tunachinja simba! Mimi niliyezeeka na mashine ya kusaga, hayo magitaa yenu yananibembeleza. Tena ndiyo muziki pekee ambao haya masikio yangu mabovu yanausikia vizuri.

Juzi niliufungulia mashineni, baba yako yuko nje anapakia magunia. Akaja mbio, akarukia swichi, akidhani beringi imevunjika. Kumbe mashine alishaizima mwenyewe tangu asubuhi! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Nani huyo anayenguruma hivyo?" akauliza.

"Binti yako, uliyemfukuza kwa sababu ya huo muziki."

Nilijua atauzima. Wala! Alikaa juu ya gunia akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza polepole, "Baba, koo halimuumi?"

Nikamwambia mimi sijui, amuulize mwenye koo. Nimempa namba yako. Akipiga, pokea hata kama uko jukwaani.

Mumeo wa kwanza,
Babu